Kabla hujasema nyanya yako ‘hakufanya kazi’, fungua ule mkebe ulio chini ya kitanda

HEBU nikuulize swali rahisi. Mama yake nyanya yako aliitwa nani? Sisemi nyanya yako, yule anayekutumia mahindi na kukuuliza utaolewa lini. Nasema mama yake. Aliitwaje kabla hajaitwa mama fulani? Alizaliwa wapi? Alikula kwa kazi gani?

Kama umekwama, tulia, hata mimi nilikwama. Mimi huyu ninayejua hadi wachezaji wa akiba wa Arsenal na timu walizotoka. Upande wa wanaume wa familia yetu naweza kukutajia majina mpaka vizazi vitano, kwa sababu kila mazishi lazima mzee mmoja asimame ayataje. Wanawake kwenye hadithi hizo huwa wanapita tu kama matatu isiyosimama kwa stejini: “alioa, wakapata watoto sita.” Basi.

Mimi niliamshwa na simu. Shosho, mama yake mama yangu, anaishi upande wa Kiambu, kwenye ploti ndogo yenye migomba, ng’ombe mmoja na nyumba ya mabati ya tangu zamani. Alinipigia mwaka jana, wiki chache kabla ya Pasaka.

“Mami, wewe uliyesoma mpaka chuo, njoo unisomee karatasi.”

Nikamwambia, “Shosho, si unajua nilitoka mwaka wa pili karo ikiisha?”

“Hiyo miaka miwili inatosha,” akasema. “Njoo.”

Nilipofika nikaelewa sauti yake ilikuwa nzito kwa nini. Wajomba zangu, watoto wa marehemu kaka yake, walikuwa wamemwambia kwamba mpima ardhi atakuja baada ya sikukuu. Ploti ingegawanywa. Hati ina jina la baba yao, na shosho ni binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, amekaa pale kwa hisani tu. Mmoja alisema ploti ilinunuliwa na babu yao. Mwingine akasema hapana, ilinunuliwa na baba yao. Walikubaliana kwa jambo moja: mama yake shosho hakununua kitu. “Cucu hakuwa anafanya kazi,” mjomba mkubwa alisema. “Alikuwa anachuma kahawa tu.”

Hiyo “tu” ndiyo iliyonitoa Nairobi kwa siku nyingi sana zilizofuata.

Mkebe wa biskuti

Chini ya kitanda cha shosho kulikuwa na mkebe wa biskuti wa bati, rangi imebabuka yote. Ndani mlikuwa na Biblia ndogo ya Kikikuyu, kadi ya ubatizo, kadi mbili za kuchumia kahawa, daftari la hesabu lililoliwa na panya pembeni, karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na kitambulisho. Jina la mama huyo sitaliandika hapa, ni la familia. Mimi humuita nyanya mkuu.

Nilianza na kitambulisho, maana ndicho ninachokijua. Nikashtuka. Kilitolewa miaka ya mwanzo ya 1980, na nyanya mkuu, kwa hesabu ya familia, alizaliwa mwaka wa ile homa kubwa, yaani 1918. Mtu anapata kitambulisho cha kwanza akiwa na zaidi ya miaka 60?

Nikaenda kusoma, na jibu likaniudhi. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili Waafrika mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza karibu na 1920. Hapo ndipo kipande kilipokuja, ile karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, iliyobebwa ndani ya kijumba cha chuma na kuning’inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Kilikuwa cha wanaume wa miaka 16 kwenda juu. Mwanamke hakuandikwa. Baada ya vita, kipande kikaondolewa na sheria mpya ikaletwa, lakini wanawake wakaachwa nje tena. Walijumuishwa 1978, miaka 15 baada ya uhuru.

Kipande kilikuwa minyororo, usinielewe vibaya. Babu zetu walikichukia na walipigana kukiondoa. Lakini ona matokeo yake leo: ukimtafuta babu yako aliyefanya kazi kwa mzungu, unaweza kubahatika kupata namba, mshahara, hata jina la shamba. Bibi yake aliyekuwa mstari ule ule wa mibuni akichuma kahawa ile ile hana hata namba.

‘Tupatane Archives’

Wewe wa Nairobi, umewahi kumwambia mtu “tupatane Archives” mara ngapi? Pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, wahubiri upande huu, wauza miwani upande ule. Mimi nimepatana na watu hapo tangu nikiwa shule ya upili. Kuingia ndani? Mwaka jana ndiyo mara ya kwanza.

Lile jengo lilikuwa benki kabla halijawa hifadhi ya taifa, na ghorofa ya chini imejaa kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Ukipita hapo kuna chumba cha kusomea. Unabeba kitambulisho, unalipa ada ndogo, unaangalia faharasa, unaandika namba ya faili kwenye karatasi, unangoja uletewe. Hakuna kelele. Simu yangu ilijisikia vibaya.

Niliagiza ripoti za mwaka za wilaya ya Kiambu. Nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani nitafungua ukurasa na kumkuta nyanya mkuu ananisubiri. Nilichokuta ni maneno “wanawake na watoto”. Msimu wa kahawa ukifika, walowezi wanalia hawana vibarua, na jibu ni wanawake na watoto. Hakuna jina hata moja. Ng’ombe wa maonyesho ya kilimo walielezwa vizuri zaidi.

Lakini nisikudanganye kwamba siku hiyo ilipotea. Nilielewa ulimwengu aliozaliwa. Wasichana na akina mama kulazimishwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi kulikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyabeba Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kumdai. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewaaibisha wakarudi mbele, na risasi zilipofyatuliwa akawa miongoni mwa waliouawa. Nyanya mkuu wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minne hivi. Miaka michache baadaye alikuwa na kikapu kiunoni.

Kwa hiyo somo la kwanza ninalokupa bure: faili za serikali hazitakupa nyanya yako. Zitakupa hali ya hewa aliyoishi ndani yake. Yeye mwenyewe mtafute nyumbani na kanisani.

Kitabu cha padri

Kadi ya ubatizo ilikuwa na jina la parokia. Nilienda Jumanne asubuhi, nikaeleza shida yangu kwa karani, akaniangalia kama mtu anayetafuta barua ya kuombea kazi. Kisha akanitolea kitabu kizito cha kurasa ndefu, maandishi ya wino, maneno mengi ya Kilatini.

Kama familia yenu ni ya Kikatoliki, sikia hili. Kitabu cha ubatizo hakiandiki jina lako tu. Kinaandika baba, mama na msimamizi. Halafu ukifunga ndoa baadaye, hata parokia nyingine, taarifa hurudishwa na kuandikwa pembeni mwa jina lako pale pale. Mstari mmoja unaweza kukupa maisha ya mtu kuanzia mwanzo hadi katikati.

Nyanya mkuu alibatizwa 1936, akiwa msichana mkubwa. Mama yake ameandikwa. Jina la mama yake! Nilikuja kumtafuta mwanamke mmoja nikaondoka na wawili. Pembeni, kwa kalamu nyingine, imeandikwa ndoa yake: 1937. Kaka yake shosho alizaliwa mwaka uliofuata.

Kisha nikaomba kitabu cha mazishi. Mume wake, babu yetu mkuu, alizikwa 1960.

Shika huo mwaka, tutaurudia.

Siku nane

Sasa kadi za kahawa. Enzi hizo, kama ilivyo sehemu nyingi hata leo, mchumaji alilipwa kwa debe. Unachuma buni nyekundu, unachagua mbichi unatupa, unapeleka kwa karani, anapima, anaandika. Debe lisipojaa hadi juu, halihesabiwi. Kadi moja ilikuwa ya 1943, msimu mkubwa wa mwisho wa mwaka. Kwa kila tarehe kuna idadi ya madebe kwa penseli: 3, 4, 2, 4, 3. Nikawa napitisha kidole nikimsomea shosho, yeye akikamua maharagwe.

“Tarehe 8 Novemba, debe mbili. Tarehe 9, hakuna. Tarehe 10, hakuna.”

Nikaendelea hivyo hadi tarehe 17, ambapo kuna debe moja. Siku iliyofuata, mawili. Kufika mwisho wa mwezi zimerudi tatu.

Nikacheka, nikasema labda alikuwa mgonjwa. Shosho aliacha maharagwe.

“Hiyo ni njaa ya mihogo,” akasema. “Mimi nilizaliwa njaa ya mihogo, kahawa ikiwa imeiva.”

Wazee wa Kikuyu hawakuhesabu kwa kalenda ya ukutani. Njaa, magonjwa na rika la waliotahiriwa pamoja ndivyo vilikuwa miaka yao. Njaa ya mihogo, Ng’aragu ya Mianga, ndiyo ile ya 1943, watu walipoponea kwa mihogo. Kitambulisho cha shosho kinasema alizaliwa 1940, kwa sababu karani fulani alimtazama usoni akakisia. Kwa miaka zaidi ya 80 hakuwahi kujua siku yake ya kuzaliwa, na siku yenyewe ilikuwa chini ya kitanda chake, imeandikwa kwa kutoandikwa kitu.

Siku nane. Alijifungua, na baada ya siku nane alikuwa amerudi kwenye mibuni, debe moja.

“Na wewe ulikuwa wapi?” nikauliza, swali la kijinga.

“Mgongoni,” akasema, akaendelea na maharagwe.

Nilitoka nje kidogo. Nikamkumbuka mjomba na ile “tu” yake.

Mwenye ploti ni nani?

Kilichobaki kwenye mkebe kilikuwa daftari na ile karatasi iliyokunjwa. Lakini ili uzielewe lazima nikurudishe 1954.

Babu mkuu alikuwa kibarua Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza walizingira jiji katika Operesheni Anvil, wakakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka huo huo, watu wa vijijini walianza kuhamishwa kwa nguvu na kufungiwa kwenye vijiji vya dharura. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa ndani ya vijiji hivyo. Shosho anakumbuka kengele ya asubuhi, mama yake akipelekwa kazi ya lazima bila malipo, kisha akirudi kuomba ruhusa ya kwenda kuchuma kahawa ili watoto wale.

Wakati watu wamefungiwa, ardhi ikapimwa upya chini ya Mpango wa Swynnerton. Vipande vya kila familia viliunganishwa pamoja, hati zikatolewa, na majina yaliyoandikwa yalikuwa karibu yote ya wanaume waliokuwepo. Aliyekuwa kizuizini hakuwepo kuonyesha mpaka wake. Babu mkuu alirudi mgonjwa, akakuta sehemu yake imemezwa, akafa 1960. Nyanya mkuu akabaki na watoto na kikapu.

Daftari sasa. Miaka ya sitini akina mama wengi wa Mkoa wa Kati walianzisha vikundi vya mabati: kila mmoja anachanga kidogo, zamu ya mmoja ikifika ananunuliwa mabati, nyumba ya nyasi inakufa. Daftari ni la kikundi kama hicho. Jina la nyanya mkuu linaonekana kila wiki, 1964 hadi 1967, shilingi moja, shilingi mbili, senti hamsini. Wiki nyingine sufuri, kisha anaongeza iliyofuata. Yeye hakujua kuandika. Nikauliza mwandiko ni wa nani.

“Wangu,” shosho akasema. “Nilisoma hadi darasa la nne.”

Karatasi iliyokunjwa mara nne ni makubaliano ya kuuziana ploti, 1967, Sh850. Muuzaji ametia saini. Mashahidi wawili wametia saini. Kwa mnunuzi kuna alama ya kidole gumba, ya zambarau, na kando yake jina lake. Jina la nyanya mkuu, lile lile la kitabu cha padri.

Kwa hiyo hati ilifikaje kwa mwanawe? Shosho alikuwepo. Walienda kuandikisha, karani akaomba kipande cha mnunuzi. Mama hakuwa nacho, angekitoa wapi? Mwanawe alikuwa nacho. “Andika la kijana, ni mtoto wako,” wakaambiwa. Mama akakubali, kwa sababu ni mtoto wake kweli. Nilipata nakala ya rejista ya ardhi: jina la kwanza na la pekee ni la kaka yake shosho, 1968.

Siku ya kikao

Tulikaa Jumamosi, chini ya mparachichi. Mimi mdogo kuliko wote, nimevaa leso ili wazee wasiseme. Niliomba ruhusa, nikasoma. Kwa waliosema babu alinunua: babu alizikwa 1960, ploti ilinunuliwa 1967. Kwa waliosema baba yao alinunua: nikaifungua ile karatasi nikaiweka mezani.

Mjomba mkubwa hakubishana. Alivaa miwani, akakitazama kile kidole gumba kwa muda mrefu sana. Kisha akaomba ile kadi ya kahawa. Akaniuliza zile siku tupu ni za nini. Nikamwambia. Akamgeukia shosho, akamuita “tata” kwa sauti ndogo, akasema hakujua.

Ningependa kukuambia walikumbatiana na kila kitu kikaisha. Hapana. Mpima ardhi hakuja, hilo ni la kweli, na tumeanza mazungumzo mbele ya mpatanishi. Mjomba mmoja bado anasema hati ni hati. Wakili aliyetusaidia alitueleza kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema aliyeandikwa kwenye hati anaweza kuwa ameishika ardhi kwa amana ya familia, kulingana na mila na ushahidi. Katiba ya 2010 nayo inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye mambo ya ardhi. Lakini ushahidi lazima uletwe, na wetu ulikuwa kwenye mkebe wa biskuti, miaka yote hiyo, panya wakila pembeni.

Wajomba si mashetani. Waliambiwa hadithi ya familia kama nilivyoambiwa mimi, na kwenye hadithi hiyo mwanamke hakuwa na pesa. Wangejuaje?

Anza hivi

Najua una shughuli zako. Lakini kama shosho wako bado yuko, huu ndio utaratibu ulionifaa.

Mrekodi kwa simu, na usimuulize “mwaka gani”. Muulize ilikuwa kabla au baada ya njaa fulani, wakati wa dharura, mvua gani, nani alikuwa rais. Miaka utaitafuta wewe baadaye.

Omba kuona karatasi zote, hata zile anazosema hazina maana. Angalia ukurasa wa kwanza wa Biblia na nyuma ya picha. Piga picha kila kitu kabla ya kuondoka, na ziweke mahali zaidi ya pamoja. Simu huibwa, si unaijua Nairobi.

Nenda kanisani na tarehe za kukisia, mwaka mmoja au miwili kila upande. Uwe mpole kwa karani. Kama ninyi ni Waislamu, muulize mzee aliyefungisha ndoa au familia yake nani anahifadhi daftari.

Usitegemee cheti cha kuzaliwa. Usajili wa lazima wa vizazi ulienezwa kwa Waafrika polepole, wilaya baada ya wilaya, na ulifika nchi nzima miaka ya mwanzo ya sabini. Nyanya wengi hawakuwahi kuwa na cheti.

Archives iende mwisho, ukishajua wilaya na miaka. Na ukikuta “wanawake na watoto” kwenye ripoti, usipite haraka. Huyo ni wako.

Mwezi Novemba, tarehe 9, nilipanda matatu na keki ndogo ya Sh600. Shosho hakuwahi kuwa na bathdei maishani. Hakutaka mishumaa, alisema ni kuchoma pesa. Alikata keki vipande vidogo kama anagawa dawa, akawapa majirani, akatenga kimoja kwenye sahani na kukifunika.

“Cha nani?” nikauliza.

“Cha mjomba wako. Amesema atapita jioni.”

Alipita kweli. Wikendi hii piga simu nyumbani. Uliza mama yake shosho aliitwa nani, kisha nyamaza usikie.